Kuifuatilia Glukosi Mwilini mwa Mnyama: Istilahi za Isotopu na Kutegemeka kwa Vipimo

Wafasiri wa maandishi ya mifugo na ya utabibu wamekuwa wakituuliza mara kwa mara namna ya kuitaja kwa Kiswahili mbinu ya kupima, kwa kutumia isotopu, glukosi inayotengenezwa na mwili wa mnyama. Swali hilo huletwa kama swali la maneno tu: neno hili liitweje, na lile liitweje? Hata hivyo, tulipoanza kuyapanga maneno hayo tuliona kwamba hayapangiki mpaka mbinu yenyewe ieleweke, na hasa mpaka ieleweke ni wapi inategemeka na ni wapi inapotosha. Kwa hiyo katika makala haya tutaeleza jambo lenyewe, na kila istilahi tutaijadili pale itakapojitokeza. Msomaji aliyezoea kuona orodha ya maneno katika safu mbili atuwie radhi.

Yafaa kwanza tuseme kwa nini mtu apime glukosi ya mnyama. Mbwa au nguruwe akila chakula cha wanga, wanga huo humeng'enywa na glukosi huingia katika damu kutoka utumbo mwembamba. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, yaani wanyama wacheuao, hawako hivyo. Majani na nafaka wanazokula huchachuliwa na bakteria katika tumbo la kwanza, na kinachofyonzwa kuingia katika damu ni asidi nyepesi, hasa asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki. Glukosi inayofika katika damu moja kwa moja kutoka kwenye chakula huwa kidogo sana. Mnyama huyo hana budi kujitengenezea glukosi yake, karibu yote, katika ini, na sehemu ndogo isiyostahili kupuuzwa katika mafigo.

Sasa tumfikirie ng'ombe wa maziwa. Kilo moja ya maziwa ina kiasi cha gramu 48 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, na laktosi hutengenezwa kwa glukosi. Ng'ombe atoaye kilo 10 kwa siku hutoa takriban gramu 480 za laktosi, na ili aipate laktosi hiyo peke yake kiwele chake huhitaji glukosi zaidi ya gramu 500. Ubongo wake, misuli yake na ndama aliye tumboni nao wanadai fungu lao. Mtaalamu anayetaka kujua kama chakula fulani kinamtosha ng'ombe huyo atapenda kujua ini lake linatengeneza glukosi kiasi gani kwa siku. Lakini ini haliwezi kutolewa na kutiwa katika mizani. Hapo ndipo isotopu zinapoingia.

Neno isotopu lilibuniwa mwaka 1913. Frederick Soddy, mkemia aliyekuwa akifundisha Glasgow, alikuwa na dhana bila jina: atomi za elementi moja ambazo zina uzito tofauti lakini zina tabia moja ya kikemia. Jina alipewa na Margaret Todd, daktari na mwandishi wa riwaya, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, «isos» yenye maana ya sawa, na «topos» yenye maana ya mahali. Mahali panapotajwa ni mahali katika jedwali la elementi. Kuna waliopendekeza kwetu kwamba dhana hii ipewe jina la Kiswahili lenye maana hiyo ya mahali pamoja. Sisi hatukuona faida yake, kwa sababu mwanafunzi asiyelijua jedwali hatasaidiwa na neno hilo, na anayelijua hatalihitaji. Tumebaki na isotopu, neno ambalo walimu wa kemia wamekwisha kulizoea.

Ni George de Hevesy aliyeonyesha kwamba atomi hizi zaweza kutumiwa kufuatilia mwendo wa vitu ndani ya kiumbe hai. Mwaka 1923 alichapisha majaribio ambamo mimea ya jamii ya kunde ilifyonza risasi nururifu, naye akaweza kujua risasi hiyo imefika wapi katika mmea. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg, mjini New York, walianza mwaka 1935 kuutumia hidrojeni mzito kufuatilia mafuta katika miili ya wanyama, na mwaka 1940 Martin Kamen na Sam Ruben wakaipata kaboni-14 huko Berkeley. Tangu hapo sukari yoyote iliweza kutiwa alama.

Kile kitu kilichotiwa alama kiitwe nini? Wafasiri wengi wameandika «kifuatiliaji». Neno hilo lina kasoro, kwa sababu kiishio chake ni cha mtenda, na humfanya msomaji adhani kwamba sukari hiyo inafuatilia kitu fulani. Kwa kweli anayefuatilia ni mtafiti, na sukari yenye alama ni chombo chake. Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha chombo, ndiyo iliyotupa kifuniko, kizuio na kiegemeo. Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza kifuatilio. Faida ya pili ni kwamba kitu kinachochunguzwa, yaani glukosi ya kawaida ya mnyama, chaweza kuitwa kifuatiliwa, na maneno hayo mawili yakasimama pamoja pasipo kuchanganyika.

Mbinu yenyewe si ngumu. Tuchukue hodhi la maji lenye mfereji wa kuingiza na mfereji wa kutoa, nasi hatuwezi kuuona mfereji wa kuingiza. Tunadondosha rangi katika hodhi hilo kwa kipimo kilekile kila dakika. Mwanzoni maji huzidi kukolea rangi, kisha hufika kiwango ambacho hakipandi tena. Kiwango hicho hutegemea kiasi cha maji safi yanayoingia: yakiingia mengi rangi itakuwa hafifu, yakiingia machache itakolea. Kwa hiyo kwa kupima ukolevu wa rangi twaweza kukisia maji yanayoingia bila ya kuuona mfereji. Kwa mnyama, hodhi ni jumla ya glukosi iliyomo katika damu na katika majimaji yanayozunguka seli. Rangi ni kifuatilio. Ukolevu wa rangi ni unururifu mahususi, yaani kiasi cha mnururisho katika kila miligramu moja ya glukosi.

Tuseme kondoo wa kilo 40 anadondoshewa katika mshipa glukosi nururifu ya vipimo 160,000 kwa dakika, na baada ya saa chache damu yake inakutwa na vipimo 2,000 kwa kila miligramu ya glukosi. Ukigawanya namba ya kwanza kwa ya pili unapata miligramu 80 kwa dakika, ambazo kwa siku nzima ni kama gramu 115. Hesabu yote ni hiyo. Mwalimu wa shule ya sekondari aweza kuifundisha kwa kipindi kimoja.

Ugumu uko katika mambo ambayo hesabu hiyo imeyachukulia kuwa kweli bila ya kuyataja.

La kwanza ni kwamba hodhi halipandi wala halishuki. Hali hiyo, ambapo kinachoingia na kinachotoka viko sawa, imetafsiriwa mara nyingi kuwa «hali tulivu». Tunaomba neno hilo liachwe. Utulivu kwa Mswahili ni kutotikisika, ilhali katika kondoo wetu glukosi yote iliyomo hodhini huweza kuondoka na kuingia nyingine kwa muda wa saa moja au mbili. Tena, tafsiri nyingine huziita isotopu zisizotoa mnururisho «isotopu tulivu», hata katika ukurasa mmoja neno moja likabeba dhana mbili. Sisi tumechagua hali sare kwa dhana ya kwanza, na isotopu thabiti kwa dhana ya pili.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalowababaisha wafasiri. Hesabu inachukulia kwamba alama ikisha kutoka hodhini haitarudi, na kwamba haitatoka isipokuwa pamoja na glukosi yenyewe. Hebu tuyatazame hayo kwa mfano wa ng'ombe aliyepigwa chapa. Maadamu ng'ombe yu hai, mwenye kuifuata chapa humfuata ng'ombe. Lakini ng'ombe akichinjwa, nyama huenda buchani na ngozi huenda kwa mtengeneza viatu, na mwenye kushikilia chapa ataishia kwa mtengeneza viatu akidhani bado anamfuata ng'ombe. Molekuli ya glukosi ina kaboni 6, na alama huwekwa juu ya atomi mojawapo. Molekuli ikivunjwa, tunachoendelea kukifuata ni atomi ile tu.

Kaboni-14 huvunjika pamoja na glukosi katika misuli, huwa asidi laktiki, husafiri katika damu mpaka ini, na huko hujengwa upya kuwa glukosi. Huu ndio mzunguko uliopewa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke walioshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1947. Glukosi inayozaliwa kwa njia hiyo ni mpya kabisa, lakini imebeba alama ya kale. Damu basi huonekana ina rangi iliyokolea kuliko inavyostahili, na jibu la hesabu hutoka pungufu. Tritiumu, ambayo ni hidrojeni nururifu, haina tabia hiyo, kwa kuwa ikikatwa kutoka kwenye glukosi huingia katika maji ya mwili, na maji hayo ni mengi kiasi kwamba ni kidogo mno kitakachorudi katika glukosi.

Mtu angedhani kwamba tritiumu imemaliza tatizo. Haikulimaliza, kwa sababu imetegemea iko kwenye kaboni ya ngapi. Iliyo kwenye kaboni ya 2 hukatwa mapema mno. Glukosi huingia katika seli ya ini, hutiwa fosfati, na katika hatua inayofuata tritiumu hiyo hupotea. Kisha molekuli ileile yaweza kugeuka nyuma, ikavuliwa fosfati na kutoka tena katika damu bila ya alama. Mtafiti huihesabu kuwa glukosi mpya, kumbe ni ileile iliyopiga hodi, ikaingia na kutoka. Jibu hapa huzidi. Tritiumu iliyo kwenye kaboni ya 3 au ya 6 hukatwa baadaye, ndani zaidi katika njia ya uvunjaji, na haiathiriwi sana na kuingia na kutoka huko. Joseph Katz ni miongoni mwa waliolifafanua jambo hili kwa urefu. Katika mnyama mmoja, siku moja, kifuatilio cha tritiumu ya kaboni ya 2 hutoa jibu kubwa kuliko vyote, tritiumu za kaboni ya 3 na ya 6 hufuata, na kaboni-14 iliyosambazwa katika molekuli nzima hutoa jibu dogo.

Ni lipi basi lililo la kweli? Tunavyoona, swali hilo limeulizwa vibaya. Kila kimoja kinapima kitu chake. Cha kwanza kinapima glukosi yote inayotoka katika ini, hata ile iliyokuwa imepita humo kwa muda mfupi. Cha mwisho kinapima ile inayoondoka bila ya kurudi. Tofauti baina ya majibu hayo mawili nayo ina habari ndani yake, na watafiti huitumia kukadiria mizunguko yenyewe. Kwa mfasiri maana yake ni hii: namba ya kaboni ni sehemu ya jina. Tumeona rasimu ambamo glukosi yenye tritiumu kwenye kaboni ya 2 na ile ya kaboni ya 6 zote ziliandikwa «glukosi nururifu» ili sentensi isiwe ndefu. Sentensi ilifupika kweli, na jedwali lililofuata likawa halina maana.

Kutokana na hayo twaweza kulifikia neno uzalishaji. Kile ambacho mbinu hupima kwanza ni kasi ya glukosi kutokea katika hodhi, na haijui imetoka wapi. Kwa mnyama aliyefunga, au kwa mcheuaji, kasi hiyo iko karibu sana na kasi ya kutengenezwa. Kwa nguruwe aliyetoka kula, sehemu yake kubwa hutoka tumboni. Kwa sababu hiyo tunashauri utokeaji litumike kwa kile kilichopimwa, utowekaji kwa kinyume chake, na uzalishaji libakizwe kwa kile kinachobaki baada ya kuondoa glukosi iliyoingizwa kutoka nje, iwe kwa chakula au kwa sindano. Tena isiandikwe kwa haraka «uzalishaji wa ini», kwani mafigo nayo yamo. Uzalishaji wa ndani utatosha.

Kuondoa huko ndiko kulikoleta kituko ambacho kila afisa anayesoma ripoti za namna hii afaa akijue. Robert Steele, nchini Marekani, alichapisha mwaka 1959 mlinganyo wa kutumia wakati hodhi halimo katika hali sare, kwa mfano baada ya mbwa kupewa insulini. Mlinganyo huo huchukulia kwamba ni sehemu fulani tu ya hodhi inayochanganyika upesi, kwa kawaida kati ya nusu na robo tatu, na sehemu hiyo huchaguliwa na mtafiti. Mabadiliko yakiwa madogo uchaguzi huo hauna madhara makubwa. Lakini insulini ikiwa nyingi, na glukosi ya kawaida ikimiminwa kwa wingi katika mshipa ili mnyama asizimie, unururifu mahususi huporomoka na mlinganyo hushindwa kuufuata. Tuseme glukosi iliyomiminwa ni miligramu 300 kwa dakika na utokeaji uliokokotolewa ni 280. Uzalishaji wa ndani unakuwa hasi 20, jambo ambalo haliwezekani, kwani ini haliwezi kutengeneza pungufu ya sifuri.

Majibu ya namna hiyo yalichapishwa kweli, na wataalamu wakayashughulikia. Katika Toronto, Radziuk, Norwich na Vranic walikwisha kuijaribu mbinu mwaka 1978 kwa kumimina ndani ya mbwa glukosi ya kiasi kinachojulikana na kutazama kama hesabu itakigundua kiasi hicho. Mwaka 1987 Finegood, Bergman na Vranic walionyesha kwamba kifuatilio kikichanganywa pia katika ile glukosi inayomiminwa, unururifu mahususi hauporomoki, na namba hasi hupungua mno. Upande mwingine ulihusu usafi: baadhi ya vifuatilio vya tritiumu vilivyouzwa vilikuwa na uchafu nururifu usio glukosi, nao ulibaki katika damu na kuhesabiwa kama glukosi.

Sasa, rasimu moja iliyotufikia, ambayo mwenyewe hatumtaji, ilikuwa imetafsiri jedwali la majaribio ya aina hiyo. Kwenye namba hasi mfasiri aliandika «upungufu wa glukosi». Kasoro ya kipimo ikawa imegeuzwa ugonjwa wa mnyama. Laiti jedwali hilo lingefika mezani kwa mtu mwenye madaraka ya kuagiza dawa au chakula cha mifugo, huenda angeagiza tiba ya ugonjwa ambao haukuwapo. Namba hasi iandikwe hasi, na mfasiri asiipe maelezo ambayo mtafiti hakuyatoa.

Wako wanaouliza kwa nini isipimwe glukosi moja kwa moja kwenye mishipa ya ini. Hupimwa, na kwa kondoo imefanywa sana kwa kuingiza mipira myembamba katika mishipa inayopeleka damu kwenye ini na inayoitoa. Tofauti ya glukosi baina ya damu inayoingia na inayotoka huzidishwa kwa wingi wa damu inayopita. Lakini angalia hesabu: damu ikipita lita 2 kwa dakika, miligramu 80 zetu ni tofauti ya miligramu 4 tu katika kila mililita 100. Maabara ikikosea kwa miligramu 1, jibu limekosewa kwa robo nzima. Kadhalika njia hii hutoa salio tu, baada ya ini kuchukua na kutoa. Basi kila njia hutumika kuikagua nyenzake.

Pale swali linapokuwa ni glukosi kiasi gani imetokana na asidi ya propioniki, tahadhari izidi. Kaboni ya asidi hiyo hupitia mahali ndani ya seli ambapo kaboni za asili nyingine nazo hupita na kubadilishana nafasi, kwa hiyo alama hupunguzwa njiani hata kama asidi yenyewe imechangia kwa ukamilifu. Asilimia inayopatikana huwa ni kiwango cha chini, na itafsiriwe hivyo: «isiyopungua», wala si «sawa na».

Limebaki neno lililo katika kichwa cha makala. Tumekuta limeandikwa «uaminifu wa mbinu», ambalo ni sifa ya mtu, na vibaya zaidi «utegemezi wa mbinu», ambalo lina maana ya kinyume kabisa, kwa kuwa mtegemezi ni yule asiyejiweza. Tumependelea kutegemeka. Ndani yake mna mambo mawili ambayo yasichanganywe. Mkulima wa pamba anaijua mizani ambayo kila siku hupunguza kilo mbili katika kila gunia. Mizani hiyo hairukiruki. Huiba kwa utaratibu. Majibu yake yana ulingano lakini hayana usahihi. Kaboni-14 ni mizani ya namna hiyo, na kwa mtu anayelinganisha makundi mawili ya kondoo yaliyolishwa tofauti yaweza kumfaa, ikiwa mzunguko wa Cori uko sawa katika makundi yote mawili. Kwa mtu anayetaka idadi ya gramu ili apange mgao wa chakula, haifai mpaka isahihishwe.

Siku hizi maabara nyingi zimehamia isotopu thabiti, yaani hidrojeni mzito na kaboni-13, ambazo hupimwa kwa uzito wake na hazina mnururisho. Hatari ya mionzi imeondoka, lakini mambo tuliyoyaeleza juu ya nafasi ya alama na hali sare yamebaki yalivyo. Limeongezeka na moja: kifuatilio hicho hutakiwa kiwe kingi kidogo ili kionekane, hata chenyewe kikawa glukosi ya kuhesabiwa na kutolewa katika jibu. Neno «unururifu mahususi» halifai hapo. Tumeanza kutumia uwiano wa kifuatilio kwa kifuatiliwa, refu lakini wazi.

Istilahi moja bado haijaturidhisha. Ule mwendo wa glukosi kuingia katika ini, kutiwa fosfati na kutoka tena umeitwa na wengine «mzunguko batili». Batili ni neno la sheria, la ndoa na mikataba, na mzunguko huu haukuvunja sheria yoyote. Isitoshe, wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba una kazi, ya kulifanya ini liitikie homoni kwa wepesi. «Mzunguko wa bure» nao unahukumu mapema. Kwa sasa tunaandika mzunguko wa glukosi, na walimu wa baiolojia wenye pendekezo bora walilete kabla ya orodha kupelekwa kwenye kamati ya kusanifu.